Mwalimu wa Chuo Kikuu Naye Ajifunze Kufundisha

SWALI LILILOULIZWA KIBAMBA

Katika darasa letu la itikadi hapa Kibamba tulikuwa tukijadili nafasi ya wasomi katika ujenzi wa Taifa. Mjadala ulikwenda kama mijadala ya namna hiyo inavyokwenda siku zote: wengine waliwalaumu wasomi kwa majivuno, wengine wakawatetea. Ndipo kada mmoja, mama mtu mzima anayeuza chakula karibu na kituo cha daladala cha Kibamba CCM, alipotuuliza swali ambalo lilitunyamazisha sote. Alisema kwamba kila asubuhi huwaona vijana wanaosomea udaktari, makoti yao meupe mkononi, wakibadili gari kwenda Mloganzila. "Mwalimu wa mjukuu wangu wa darasa la kwanza alisomea ualimu," alisema. "Na hao vijana je, anayewafundisha alisomea wapi kufundisha?"

Sisi tuliokuwa tukiongoza darasa hatukuwa na jibu la kumridhisha. Tukaahidi kulichunguza jambo hilo na kulitolea maelezo. Makala haya ni matokeo ya ahadi hiyo.

Jibu la kweli ni kwamba wahadhiri wengi wa vyuo vikuu, hapa kwetu na katika nchi nyingine nyingi duniani, hawakusomea kufundisha mahali popote. Walisomea taaluma zao: udaktari, uhandisi, sheria, kilimo, uchumi. Walifaulu vizuri kuliko wenzao, wakabakizwa chuoni, wakapelekwa kusoma shahada za juu, kisha wakakabidhiwa darasa. Kwa hiyo wakafundisha kama walivyofundishwa wao. Aliyebahatika kupata mwalimu hodari aliiga uhodari. Asiyebahatika aliiga udhaifu, tena bila kujua kwamba ni udhaifu.

Tunasema mapema kwamba hatuandiki ili kuwashutumu wahadhiri. Mtu hawezi kulaumiwa kwa kutojua kazi ambayo hakuna aliyemfundisha. Tunaandika ili kueleza tatizo linatoka wapi, msaada kwa wahadhiri unafanyaje kazi, na sisi makada na wanafunzi tuna wajibu gani.

CHANZO CHA TATIZO KATIKA HISTORIA

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 kama Chuo Kikuu Kishiriki, kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wasiofika 20, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Mwanzoni kilikuwa chini ya uangalizi wa Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, pamoja na Makerere na Nairobi, na tarehe 1 Julai 1970 kikawa chuo kikuu kamili cha Taifa.

Tangu mwanzo palikuwa na ubishi mkubwa juu ya chuo hicho. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, na zaidi ya 300 kati yao wakarudishwa makwao. Machi 1967 ukatoka waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Novemba 1974 Azimio la Musoma likaamua kwamba vijana wafanye kazi kwanza ndipo waende chuo kikuu. Maamuzi hayo yote yalihusu maswali mazito: nani aingie chuoni, asome nini, na akimaliza amtumikie nani.

Lakini msomaji akichunguza kwa makini ataona kwamba swali moja halikupewa uzito wa kutosha: anafundishwaje? Tulibadili masomo, tulibadili masharti ya kuingia, tulibadili hata fikra za kisiasa zilizotawala Mlimani. Chumba cha mihadhara hakikubadilika. Mhadhiri alisimama mbele, akasema kwa saa nzima. Mwanafunzi akakaa chini, akaandika. Siku ya mtihani akarudisha kile alichoandika. Yaani tulirithi maudhui ya wakoloni pamoja na namna yao ya kufundisha, kisha tukahangaika na maudhui peke yake.

Jambo hili linashangaza zaidi tukikumbuka kwamba katika miaka hiyohiyo nchi yetu ilikuwa ikiwafundisha watu wake wazima kwa njia iliyo kinyume kabisa na hiyo. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa muda wa majuma 12 watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi vijijini na mijini, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, wakajadili magonjwa yanayowasumbua, kisha wakaamua la kufanya na kulifanya: kuchimba vyoo, kufyeka vichaka, kusafisha visima. Viongozi wa vikundi hivyo, makumi ya maelfu, hawakutupwa tu mbele ya watu. Walipewa mafunzo kabla ya kuanza. Walifundishwa kwamba kiongozi wa kikundi hahutubii. Kazi yake ni kuuliza, kusikiliza, na kuhakikisha kwamba hata aliye kimya anasema.

Huo ndio ukinzani tunaotaka makada wauone. Tulitambua kwamba anayemwongoza mkulima kujadili malaria lazima afunzwe namna ya kuongoza mjadala, lakini anayemfunza daktari wa kutibu malaria tulimwacha ajitafutie njia mwenyewe.

SABABU ZINAZOENDELEZA TATIZO

Historia peke yake haitoshi kueleza kwa nini hali hii inaendelea. Zipo sababu nne za leo, nazo zinashikana.

Sababu ya kwanza ni malipo na vyeo. Mhadhiri hupanda cheo kwa kiasi kikubwa kwa machapisho yake, yaani makala na vitabu vya utafiti. Utafiti ni kazi muhimu, na chuo kikuu kisichotafiti si chuo kikuu. Lakini mtu mwenye saa 40 kwa juma, akijua kwamba saa za maktaba zitampandisha cheo na saa za kuandaa somo hazitampandisha, atazitumia wapi? Tusitegemee moyo wa kujitolea uushinde utaratibu unaouadhibu moyo huo.

Sababu ya pili ni wingi wa wanafunzi. Kile kitivo cha watu wasiofika 20 kimezaa madarasa ya mamia. Mhadhiri mwenye wanafunzi 300 huona kwamba hana la kufanya ila kusema kwa sauti kubwa na kutoa kitini. Wanafunzi nao hukaa wakisubiri kile wanachokiita wenyewe "desa", yaani maandishi ya kunakili na kukariri. Desa la mwaka jana hutumika mwaka huu, na maswali ya mtihani nayo yakiwa yaleyale, kijana hufaulu bila kufikiri.

Sababu ya tatu ni lugha. Mhadhara hutolewa kwa Kiingereza, isipokuwa katika masomo ya Kiswahili na mengine machache. Mwanafunzi asiyekimudu Kiingereza haulizi swali, kwa sababu anaogopa kuchekwa. Mhadhiri akiona kimya anadhani ameeleweka. Baada ya hapo wanafunzi hukusanyika chini ya mti, na yule aliyeelewa kidogo huwaeleza wenzake kwa Kiswahili. Hapo chini ya mti ndipo somo hufundishwa kweli, tena na mtu asiyelipwa.

Sababu ya nne ni upweke. Mwalimu wa shule ya msingi hutembelewa darasani na mwalimu mkuu na mkaguzi. Mhadhiri anaweza kufundisha miaka 20 bila mwenzake hata mmoja kumwona akifundisha. Seremala ambaye hakuna anayeitazama kazi yake hajui kama kiti chake kimepinda, mpaka mtu aanguke.

MIFANO MIWILI YA HAPA KWETU

Hata hivyo si kweli kwamba hakuna lililofanywa. Tutatoa mifano miwili.

Mfano wa kwanza unawahusu hasa wakazi wa Kibamba, kwa sababu Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kina kampasi yake Mloganzila. Chuo hicho kilitokana na shule ya udaktari iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1963, ambayo mwaka 1968 ikawa kitivo cha Chuo Kikuu, mwaka 1991 chuo kishiriki, na mwaka 2007 chuo kikuu kamili. Kuanzia mwaka 2005 Muhimbili ilishirikiana na Chuo Kikuu cha California, San Francisco, katika kazi ya kuipitia upya elimu ya wataalamu wa afya. Swali la kuanzia halikuwa "tufundishe mada zipi?" bali "mhitimu wetu akifika kazini aweze kufanya nini?" Waliulizwa hata wahitimu waliokwisha kuingia kazini. Kutokana na kazi hiyo, mwaka 2011 Muhimbili ilianza kutumia mitaala inayojengwa juu ya umahiri, na likaundwa kundi la walimu wa chuo hichohicho la kuwasaidia wenzao katika ufundishaji.

Mfano wa pili ni mradi ulioitwa TESCEA, uliofanywa kati ya mwaka 2018 na 2021 katika vyuo vikuu vinne: Mzumbe na Dodoma hapa Tanzania, na Gulu na Uganda Martyrs kule Uganda. Chama cha wahadhiri cha Kenya kiitwacho AFELT, ambacho kazi yake ni kuinua ufundishaji katika vyuo vikuu, kilishiriki kuwafunza wahadhiri. Kila mhadhiri alikuja na kozi yake mwenyewe, akaivunja na kuijenga upya, huku akijiuliza mwanafunzi atajifunza kufikiri wapi. Baadhi ya waliofunzwa wakawafunza wenzao. Waajiri na watu wa jamii inayozunguka vyuo waliitwa kutoa maoni. Aidha, wahadhiri walifunzwa kuangalia kama msichana na mvulana wanapata nafasi sawa ya kusema na kusikilizwa darasani.

MSAADA HUU UNAFANYAJE KAZI

Sasa tueleze jambo lenyewe kwa vitendo, maana nadharia bila vitendo ni kelele.

Tuchukue somo la kuharisha kwa watoto. Mhadhiri wa mtindo wa zamani ataanza na tafsiri ya neno, ataorodhesha vijidudu vyote vinavyosababisha kuharisha, ataeleza kila kimoja, na saa itakwisha. Mwanafunzi atayajua majina ya vijidudu hivyo.

Mhadhiri aliyesaidiwa ataanza hivi: "Mama ametoka Kwembe na mtoto wa miezi 9. Ameharisha siku mbili. Macho yameingia ndani. Ukiifinya ngozi ya tumbo, inarudi polepole. Utamuuliza mama nini kwanza? Utafanya nini katika dakika kumi za mwanzo?" Atawapa dakika tatu wajadiliane wawiliwawili. Hata katika darasa la watu 300 jambo hili linawezekana, kwa sababu kila mtu ana jirani, na katika dakika hizo tatu hakuna atakayemkataza mtu kutumia Kiswahili. Kisha atasikiliza majibu, na ndipo atakapofundisha: dalili za kupungukiwa maji, jinsi ya kupima ukali wake, maji ya ORS, vidonge vya zinki, na wakati gani mtoto lazima atundikiwe dripu. Vijidudu navyo vitakuja, lakini vitamkuta mwanafunzi akijua kwa nini anavihitaji.

Kumfikisha mhadhiri hapo kunahitaji hatua, nazo ni hizi:

Kwanza, aandike kwa maneno ya wazi mwanafunzi ataweza kufanya nini mwisho wa kozi. Si "ataelewa kuharisha", bali "atamchunguza mtoto na kuamua matibabu".

Pili, alinganishe mtihani na lengo hilo. Hili ndilo jambo zito kuliko yote. Mtihani ukiuliza orodha, wanafunzi watakariri orodha, hata mhadhiri akifundisha kwa ustadi wa malaika.

Tatu, mwenzake aingie darasani, akae nyuma, atazame, kisha wazungumze wawili tu. Wakubaliane kabla ya somo jambo la kutazamwa: je, ni wanafunzi wangapi waliosema? Ni swali gani lililokosa jibu? Na wiki nyingine wabadilishane nafasi.

Nne, wanafunzi waulizwe katikati ya muhula, kwa karatasi isiyo na jina: nini kinakusaidia, nini kinakuzuia, nini kibadilike. Fomu inayojazwa mwisho wa muhula huwa imechelewa. Maiti haponi kwa kuandikiwa dawa.

VIPINGAMIZI

Wapo watakaosema kwamba kuingia katika darasa la mhadhiri ni kuuvunja uhuru wa taaluma. Hoja hii tusiidharau, hasa sisi makada. Historia ya vyuo vikuu vya Afrika inaonyesha kwamba wahadhiri wana sababu ya kuogopa macho yanayokaa nyuma ya darasa. Kwa hiyo lazima tutenganishe mambo mawili: kusaidia na kuhukumu. Anayetazama ili kusaidia asiwe yule anayeandika ripoti ya kupandisha au kuteremsha cheo, na anachokiona kisitoke nje ya wale wawili. Mambo hayo yakichanganywa, mhadhiri ataandaa somo la maonyesho siku hiyo moja, na kesho yake atarudi kwenye kitini.

Wengine watasema hakuna fedha. Ni kweli kwamba mifano miwili tuliyoitaja ilipata msaada wa nje: ule wa Muhimbili kutoka mfuko wa Bill na Melinda Gates, na TESCEA kutoka Serikali ya Uingereza. Mwaka 2021 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 425 za Marekani kwa mradi wa kuimarisha elimu ya juu Tanzania, na kuwaendeleza wahadhiri na kupitia upya mitaala ni sehemu ya mradi huo. Makada wafahamu kwamba fedha za Benki ya Dunia ni mkopo, na atakayeulipa ni mkulima na mfanyakazi. Ndiyo sababu hatuna ruhusa ya kuuona mradi kama posho ya semina. Semina ya siku tatu hotelini, yenye cheti na picha ya pamoja, haibadilishi darasa ikiwa mhadhiri akirudi hakuna anayemuuliza amejaribu nini. Mwenzako kukaa nyuma ya darasa lako hakuhitaji dola. Karatasi isiyo na jina haihitaji mfadhili. Tukisubiri mradi, tutakuwa tumekariri neno Kujitegemea kama desa.

TUJIKOSOE SISI WENYEWE

Hatuwezi kumaliza bila kusema juu yetu. Sisi wakufunzi wa siasa tulifunzwa katika vyuo vya makada, na kwa miaka mingi tumefundisha jinsi tulivyofundishwa: tunasoma maandishi, washiriki wanaandika, mwisho tunauliza "Kuna swali?" huku tukikusanya karatasi zetu.

Baada ya lile swali la yule mama tulijaribu kujipima. Tuliwapa washiriki karatasi zisizo na jina, na maswali matatu yaleyale. Kadhaa waliandika kwamba hawaulizi maswali kwa sababu mkufunzi hujibu kwa hotuba. Mmoja aliandika kwamba katika kozi nzima hakuwahi kusema sentensi yake mwenyewe. Tulipoisoma karatasi ile jioni, mkono ulikuwa mzito. Tulikuwa tumemfundisha mtu juu ya ukombozi kwa majuma kadhaa, na hatukumpa nafasi ya kusema neno moja la kwake.

Juma lililofuata tulimwomba mkufunzi mwenzetu akae nyuma, ahesabu dakika. Katika saa moja na nusu, washiriki walisema kwa dakika tisa. Tulidhani tulikuwa tumewaachia nusu ya muda.

Tunayaeleza haya ili ieleweke kwamba tatizo la wahadhiri ni tatizo la kila anayesimama mbele ya watu akidhani kwamba kusema ni kufundisha. Kada anayetaka chuo kikuu kibadilike, naye aanze na darasa la tawi lake.

WAJIBU ULIO MBELE YETU

Kwa kada: ukikutana na suala la vyuo vikuu katika vikao, usiishie kuuliza idadi ya majengo na idadi ya wahitimu. Uliza kama ufundishaji unahesabiwa katika kupandisha vyeo, na kama kila chuo kina watu waliopewa muda na madaraka ya kuwasaidia wenzao kufundisha.

Kwa mwanafunzi: dai kufundishwa, lakini ukubali pia kazi inayofuata. Wapo wahadhiri walioacha kutoa kitini, wakaanza kuuliza maswali, na wanafunzi ndio waliokuwa wa kwanza kulalamika kwamba mwalimu hafundishi. Anayedai desa asilalamike kwamba hakufundishwa kufikiri.

Kwa mhadhiri: chagua kozi moja, si zote. Chagua somo moja katika kozi hiyo. Mwombe mwenzako unayemwamini aje akutazame. Hapo ndipo pa kuanzia.

Yule mama wa kituoni tulimrudia na jibu, kama tulivyoahidi. Tulimweleza habari za mwaka 2011, na za wahadhiri wanaokaa nyuma ya madarasa ya wenzao. Alisikiliza huku akigeuza chapati. Kisha akasema kwamba ni vizuri, ila yeye atajua wamefundishwa siku atakapompeleka mjukuu wake Mloganzila usiku, naye daktari kijana akamuuliza swali kabla ya kuandika dawa. Kipimo hicho tunakikubali, na tunawaomba wahadhiri, wanafunzi na makada wenzetu wakikubali pia.